Wadachi Wawili, Mlango Mmoja: Kisa cha Tanzania na Ubalozi wa Berlin Mashariki, 1964–1965

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kibao. Kibao cha mlangoni, kile kinachomjulisha mpita njia kwamba hapa ni ubalozi wa nchi fulani. Tangu Aprili 1964 hadi Februari 1965 serikali yetu changa ilivutwa huku na huku kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwenye mlango mmoja mjini Unguja. Mwisho wa mvutano ule nchi ilipoteza walimu wa marubani wake, na kiongozi wake akairudishia nchi tajiri misaada yake yote ya kiserikali.

Wazee wetu wa pwani na bara waliwaita Wajerumani Wadachi. Mwaka ule Wadachi walikuwa wawili. Wa Magharibi, makao yake Bonn, alidai kwamba yeye peke yake ndiye Ujerumani. Wa Mashariki, makao yake Berlin, alikuwa akihangaika dunia nzima kutafuta atakayemwita dola. Tunaposimulia Vita Baridi tunakimbilia Havana, Saigon, au Kongo ya Lumumba, na tunaviacha visa vya mlangoni petu. Hiki hakikumwaga damu, pengine ndiyo maana hakisimuliwi. Mimi naona kinafundisha zaidi kuliko vingi vilivyomwaga damu, maana ndani yake hofu ya ukomunisti inaonekana ikifanya kazi mchana kweupe, mezani, kwa kalamu.

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa 10 Desemba 1963. Sultani Jamshid akaondoka kwa meli, Karume akawa Rais. Watu wengi waliuawa katika siku zile, Waarabu wakiwa wengi zaidi, na jeraha hilo bado halijapona. Chanzo chake kilikuwa cha visiwani kwenyewe: ardhi, utabaka, uhasama wa kikabila uliolelewa kwa miaka, na uchaguzi wa Julai 1963 ambao ASP, chama cha Karume, ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Mtu yeyote aliyekaa kijiweni Ng'ambo angekueleza hayo bila kulitaja hata mara moja jina la Marx.

London na Washington hawakwenda kijiweni. Walisoma orodha ya mawaziri. Abdulrahman Babu, waziri wa mambo ya nje, alikuwa ameandikia shirika la habari la China. Kassim Hanga alikuwa amesoma Moscow. Vijana kadhaa wa Umma Party, chama cha Babu, walikuwa wamepata mafunzo Kuba, na walionekana mitaani wamevaa kama wapiganaji wa Castro. Haijapita miaka miwili tangu dunia iponee chupuchupu katika mgogoro wa makombora ya Kuba, na sasa kisiwa kingine kidogo, karibu na pwani ya bara kubwa, kimepinduliwa! Magazeti ya Magharibi yakapata jina la haraka: Kuba ya Afrika. Wamarekani walikuwa na sababu yao nyingine ya kukosa usingizi. Pale Tunguu walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, uliompeleka John Glenn kuizunguka dunia mwaka 1962. Aprili 1964 serikali ya Karume ikataka kituo kiondolewe kabla mwezi haujaisha, na kikaondolewa.

Hofu hiyo ilizaa kosa la kwanza. Uingereza na Marekani zilikaa takriban wiki sita bila kuitambua serikali mpya. Kwa mtu aliyetoka kuchukua nchi, ambaye hajui kama kesho atarudishiwa Sultani kwa manowari, wiki sita ni nyingi mno. China na Urusi ya Kisovieti zilikuja mapema, na mwishoni mwa Januari ikaja Ujerumani Mashariki. Zanzibar ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuipa Berlin Mashariki utambuzi kamili, ubalozi na balozi wake. Yule aliyekuwa anatafuta wa kumwita dola akawa amempata. Naye hakuja mikono mitupu: alileta mafundi, walimu na ahadi ya nyumba. Waliokuwa wakiogopa Zanzibar isiangukie mikononi mwa wakomunisti ndio walioacha kiti wazi kwa wiki sita, kisha wakashangaa nani amekikalia.

Sasa tuje kwa Mdachi wa Magharibi, maana bila kuielewa kanuni yake kisa hiki hakieleweki. Tangu 1955 Bonn ilikuwa ikifuata kanuni iliyopewa jina la Walter Hallstein, ofisa mkuu wa wizara yao ya mambo ya nje: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa imefanya kitendo cha uadui, na Bonn itaweza kukata uhusiano nayo. Urusi peke yake ndiyo iliyosamehewa, kwa kuwa haikuwezekana kuikwepa. Yugoslavia ilikatwa 1957. Kuba ikakatwa Januari 1963. Nchi hizo mbili zilikuwa ujumbe kwa mataifa yote machanga ya Afrika na Asia yaliyokuwa yanahitaji fedha: ukitaka hela zetu, mlango wa Berlin Mashariki ufungwe.

Tanganyika ilikuwa inazihitaji. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya mapinduzi ya Unguja, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi. Serikali ikalazimika kuwaita makomando wa Kiingereza waje kuwanyang'anya silaha. Mwalimu Nyerere alilionea haya jambo lile maisha yake yote, na akaamua kulivunja jeshi la zamani na kuunda jipya. Kazi ya kuunda kikosi cha anga alipewa Ujerumani Magharibi, kwa mkataba wa miaka mitano. Hapo uone picha ilivyokuwa mwaka ule: upande mmoja wa bahari Mdachi wa Magharibi anafundisha marubani, upande wa pili Mdachi wa Mashariki anapima viwanja vya nyumba. Kati yao kuna mkondo wa maji ambao jahazi linauvuka kwa siku moja.

Tarehe 26 Aprili 1964 nchi mbili zikawa moja.

Kuhusu Muungano wenyewe watu hubishana hadi leo kama ulitokana na udugu au na shinikizo la Wamarekani. Ni kweli mabalozi wa Marekani, William Leonhart Dar es Salaam na William Attwood Nairobi, walihangaika sana wakiwataka viongozi wa Afrika Mashariki waidhibiti Zanzibar. Ni kweli pia kwamba Babu alikuwa nje ya nchi mkataba ulipotiwa saini. Mimi sikubali hata hivyo kwamba Nyerere na Karume walikuwa vikaragosi, kwa sababu moja nyepesi: kama Muungano ungekuwa kazi ya Washington, kisa cha Wadachi kisingetokea. Ubalozi wa Berlin Mashariki ungefungwa wiki ileile. Haukufungwa.

Dawa iliyopendekezwa na Dar es Salaam ilikuwa ya kiutaratibu. Nchi moja haiwi na makao makuu mawili ya mabalozi, kwa hiyo balozi zote zilizoko Unguja zigeuke balozi ndogo chini ya zile za Dar es Salaam. Waingereza, Wamarekani, Warusi na Wachina wangeweza kufanya hivyo bila kupoteza kitu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ubalozi wake kamili bara. Ujerumani Mashariki haikuwa nao, kwa kuwa Tanganyika haikuwahi kuitambua. Kwao kushusha kibao cha Unguja kulikuwa sawa na kufuta utambuzi wa pekee walioupata Afrika. Wakagoma. Karume naye akasimama nao. Hawa walikuja wakati wengine wananuna. Iweje leo awafukuze kwa ajili ya hela za wale walionuna?

Nyerere akabaki katikati. Njia ya kwanza ilikuwa kuutambua Ujerumani Mashariki nchi nzima, akose Bonn na kila kilichotoka Bonn. Njia ya pili, kumlazimisha Karume afunge ubalozi. Muungano ulikuwa na umri wa miezi tu, na upande mmoja wake ulikuwa bado na serikali yake, jeshi lake na hazina yake mwenyewe. Kumlazimisha mwenzako katika hali hiyo ni kucheza na moto kwenye nyumba ya makuti. Njia ya tatu ilikuwa kutafuta neno la kati, nalo lilikuwepo. Misri ilikuwa imeiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo mkuu mjini Cairo tangu 1959, bila kuitambua kuwa dola, na Bonn ilimeza. Konsuli, mkuu wa ubalozi mdogo, hushughulikia biashara, viza na watu wake. Hawasilishi hati za utambulisho kwa Rais kama afanyavyo balozi. Lakini palikuwa na mfano mwingine wa kutisha: Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilifanya hivyohivyo mapema mwaka 1964, na Bonn ikaikatia misaada. Kosa moja, watu wawili, hukumu mbili. Misri ilikuwa kubwa, Ceylon ilikuwa ndogo.

Kabla ya uamuzi hewa ilichafuka, na hapa nataka kukaa kidogo, maana hofu haikuwa ya upande mmoja. Novemba 1964 serikali yetu ilitangaza kwamba imepata barua zinazoonyesha njama za Wamarekani na Wareno za kuipindua. Watu wakaandamana. Barua zikaja kuonekana ni za kughushi. Ilikuwa rahisi kuendelea kuziamini, kwa sababu baadaye mwezi uleule ndege za Kimarekani ziliwadondosha askari wa Kibelgiji Stanleyville, Kisangani ya leo, na Afrika nzima ikakasirika.

Halafu ikaja simu. Januari 1965, mwaka mmoja wa Mapinduzi ukikaribia, Frank Carlucci, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Unguja, alizungumza kwa simu na Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam. Alitaka Washington itume salamu za pongezi kutoka kwa mkubwa wa kutosha, na katika kuhimizana wakatumia lugha yao ya kiofisi: tunahitaji risasi zaidi, yaani hoja zaidi za kuwashawishi wakubwa. Simu ilikuwa inasikilizwa. Msikilizaji akasikia risasi. Watu wawili waliokuwa wakihangaikia kadi ya pongezi wakafukuzwa nchini kwa tuhuma za kupanga mapinduzi, na Marekani nayo ikamfukuza mmoja wa wanadiplomasia wetu. Carlucci alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani mwaka 1987. Kila nikifikiria simu ile namwona msikilizaji, kijana pengine wa miaka 25, vipokezi masikioni, Kiingereza chake cha darasani, akiandika neno lile moja kwenye karatasi kwa mkono unaotetemeka. Simlaumu. Yaliyompata Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyepinduliwa na kuuawa, aliyajua.

Februari 1965 Nyerere alitangaza njia ya tatu. Ubalozi wa Unguja unashushwa hadhi. Ujerumani Mashariki inaruhusiwa kufungua ubalozi mdogo mkuu Dar es Salaam, na Tanzania haiitambui kuwa dola. Ukiupima uamuzi ule kwa haki, Bonn ndiyo iliyoshinda: palipokuwa na ubalozi kamili katika ardhi ya Tanzania, sasa hapana. Berlin Mashariki ndiyo iliyoshushwa ngazi.

Bonn haikuuona hivyo. Iliona kibao kipya Dar es Salaam, mji ambao hakikuwepo. Ikawaondoa walimu na mafundi wa kikosi cha anga bila taarifa, ikavunja mkataba wa miaka mitano, na ikaashiria kwamba misaada mingine nayo iko mashakani.

Kwa nini hasira kubwa namna ile kwa nchi iliyokuwa imewasaidia? Tazama kalenda. Mwezi uleule wa Februari 1965, Walter Ulbricht, mkuu wa Ujerumani Mashariki, alipokewa Cairo na Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, kwa heshima za kiongozi wa nchi. Lilikuwa pigo kubwa kuliko yote kwa kanuni ya Hallstein. Bonn haikuthubutu kuikata Misri, maana kuikata kungewaachia Warusi na Berlin Mashariki uwanja wote wa Uarabuni. Na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi kwao. Kansela Ludwig Erhard alihitaji kuonyesha kwamba kanuni bado ina meno, na meno yakauma palipokuwa laini. Huu ni uamuzi wangu mimi kutokana na mfuatano wa mambo, na sioni maelezo mengine yanayokaa sawasawa.

Jibu la Nyerere ndilo lililokitenga kisa hiki na vingine. Hakuomba. Hakutuma ujumbe wa kubembeleza. Aliwaambia kwamba ikiwa misaada yao inakuja na haki ya kuichagulia Tanzania marafiki, basi waichukue yote ya kiserikali waondoke nayo. Uhusiano wa kibalozi haukukatika. Bendera yao iliendelea kupepea Dar es Salaam. Kilichokatika ni mkono unaotoa na mkono unaopokea.

Wapo waliosema, na hadi leo wapo, kwamba ile ilikuwa hasira ya mwalimu wa shule, kwamba maskini hana haki ya kiburi, kwamba kuna vijiji vilivyokosa kitu kwa ajili ya heshima ya mtu mmoja Ikulu. Hoja hiyo siipuuzi. Nchi ilikuwa maskini kweli. Ila angalia angekubali nini. Kama angekifuta kibao cha Dar es Salaam kwa amri ya Bonn, kesho yake Peking ingekuja na orodha yake, Washington na yake, Moscow na yake, na Karume angejua kwamba neno la Muungano linanunuliwa. Bei ya kukubali ilikuwa Muungano wenyewe. Naamini Nyerere aliipiga hesabu hiyo, na aliipiga sawa.

Na pengo halikukaa wazi. Kanada ikachukua kazi ya kufundisha jeshi na kikosi cha anga, ikaleta ndege za Otter na Caribou, ikakaa hadi 1970. Baada yake wakaja Wachina. Hapo ndipo hofu ya ukomunisti inapojionyesha ubutu wake. Bonn iliondoka ili kuwaadhibu waliokuwa karibu na wakomunisti, na miaka mitano baadaye marubani wa Tanzania walikuwa wakifundishwa na Wachina. Desemba 1965 tulikata uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Ukiyaunganisha na yale ya Bonn, utaelewa kwa nini Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa na ukali ule kuhusu fedha za kigeni. Lilitoka kwa watu waliokwisha kuunguzwa.

Lakini sitakuwa mkweli nikimwacha Mdachi wa Mashariki avae kanzu nyeupe. Alijenga, hilo halina ubishi. Nyumba za Kikwajuni na Kilimani ni kazi ya wataalamu wake, na alishiriki kupanga na kujenga yale majumba marefu ya Michenzani. Simama Kisonge jioni utazame: majengo yamenyooka kama rula pande zote, kanga na mashuka yananing'inia kwenye vibaraza, chini wauza urojo na mishikaki, na kwenye ngazi watoto wanapandisha madumu kwa sababu maji ya bomba hayafiki ghorofa za juu. Watu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za udongo waliingia humo na funguo mkononi, na si haki kuwacheka waliolia kwa furaha siku ile.

Mkono wake wa pili ulifanya kazi nyingine. Wataalamu wake wa usalama waliwafundisha vijana wetu namna ya kufuatilia watu, kusikiliza, kuweka majalada. Visiwani kukaingia miaka ya watu kuchukuliwa usiku. Hanga, yule ambaye jina lake liliwakosesha usingizi Wamarekani, aliuawa mwaka 1969 na serikali ya kimapinduzi aliyosaidia kuiweka, na familia yake haikuonyeshwa kaburi. Katika majalada ya Bonn na Washington ya wakati ule, Zanzibar ilikuwa tatizo kwa sababu ya bendera zake za kigeni. Mama aliyekuwa akingoja mlangoni mumewe arudi hakuwa tatizo la mtu yeyote, si wa Mashariki, si wa Magharibi.

Kanuni ya Hallstein ilikufa kwa mikono ya wenyewe. Mwaka 1967 Bonn ilifungua uhusiano na Romania, nchi iliyokuwa na ubalozi wa Berlin Mashariki siku zote, na 1968 ikarudiana na Yugoslavia. Desemba 1972 Wadachi wawili wakatia saini mkataba wa msingi wa uhusiano wao, na Tanzania ikaruhusu kibao kamili cha ubalozi wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam. Hakuna aliyeondoa mwalimu, hakuna aliyevunja mkataba. Mwaka uliofuata wote wawili wakaingia Umoja wa Mataifa siku moja.

Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani Mashariki ikafutika kwenye ramani na kibao chake kikateremshwa kwa mara ya mwisho. Majumba ya Michenzani yamebaki. Bomba likipasuka leo, hakuna tena Berlin Mashariki ya kuiandikia barua. Anaitwa fundi wa mtaani, anapanda ngazi na spana yake.